Besi ya Kifodi: Mafundi Wasio na Majina Walioifanya Moshi Isikike

Kijana akihamia geto jipya Pasua, Njoro au Majengo pale Moshi, mali yake yote inaenea kwenye kirikuu moja. Godoro, jiko la gesi, ndoo mbili, begi la nguo na spika. Mara nyingi spika ndiyo inakaa mbele kwa dereva, imepakatwa kama mtoto mchanga. Godoro likilowa litaanikwa. Spika ikidondoka, imekula kwake.

Wengi wanadhani mapenzi haya ya muziki mnene kwenye chumba kimoja yameletwa na sabufa za Kichina na Bluetooth. Sio kweli, mdau. Haya mambo ni ya zamani kuliko hata Bongo Fleva. Yamepita kwenye vihamba vya kahawa, kwenye mpaka uliofungwa, kwenye vifodi na kwenye makabini ya malori. Na watu waliofanya kazi hiyo ni mafundi redio wa vibanda vya pembeni mwa stendi na masoko, ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote cha shule.

Leo tunawapa maua yao. Na ukisoma mpaka mwisho utajua pia spika gani ya kuchagua na jinsi ya kutengeneza boksi la geto lako bila kupigwa hela.

KAHAWA ILINUNUA REDIO

Matangazo ya redio Tanganyika yalianza mwaka 1951, kituo kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa Tanganyika Broadcasting Corporation, na mwaka 1965 kikageuka kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wakiitaja wanatabasamu.

Kilimanjaro ilikuwa na kitu ambacho mikoa mingi haikuwa nacho: hela ya kahawa mkononi mwa mkulima mdogo. Wakulima wa Kichaga walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, moja ya vyama vikuu vya ushirika vya wakulima Waafrika wa zama zile. Kahawa ikiuzwa, ada inalipwa, bati linanunuliwa, na mwenye kubakiwa na chochote anawaza redio.

Shida ilikuwa umeme. Redio za zamani zilitumia taa za kioo ndani, zilikula moto mwingi na zilikuwa nzito. Mwaka 1947 Wamarekani wakavumbua transista, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya mfukoni ya transista ikaingia sokoni kwao. Kitu kile kilipofika huku kilibadilisha maisha ya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Sasa redio inawaka kwa betri kavu chache tu. Unaitundika kwenye msumari ukumbini, au unatembea nayo kwenye migomba.

Betri zikichoka hazitupwi. Zinaanikwa juani juu ya bati, jioni zinarudishwa, redio inaimba tena robo saa. Watu wanacheka leo, lakini ile haikuwa ushamba: joto linaamsha kidogo kemikali zilizobaki ndani ya betri.

Na Moshi haikuwa inasikiliza tu, ilikuwa inatengeneza vipindi pia. Kituo kikubwa cha Walutheri kilichorusha matangazo kutoka Addis Ababa kuanzia mwaka 1963 kilikuwa na studio ya Kiswahili hapa hapa Moshi, ndiyo asili ya Sauti ya Injili. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha kituo cha Addis. Ila masikio ya watu wa mlimani yalishazoea kwaya na tarumbeta.

Lakini kuna kitu kilikosekana. Spika ya redio ile ilikuwa ndogo kama kisosi, imefungwa kwenye kiboksi cha plastiki chepesi. Mtangazaji anasikika vizuri. Gitaa la solo linasikika. Gitaa la besi kwenye muziki wa dansi? Unalihisi tu kwa imani. Hapo ndipo fundi akaingia kazini.

MPAKA UMEFUNGWA, KOILI INASUKWA

Miaka ya mwanzo baada ya Uhuru vifaa havikuwa adimu sana. Arusha kulikuwa na kiwanda cha redio cha Philips, na Dar es Salaam Wajapani wa Matsushita waliunganisha redio na kutengeneza betri za National. Redio ikifa, kipuri kinapatikana.

Halafu ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari mwaka ule Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kwa mtu wa Moshi, hii haikuwa habari ya mbali. Taveta ipo pale tu baada ya Holili. Kilichochekesha na kuuma ni kwamba wakati huo huo bei ya kahawa duniani ilikuwa juu, kwa sababu baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Hela ipo, bidhaa haipo.

Mwaka uliofuata vita vya Kagera vikaanza, fedha za kigeni zikakauka, maduka yakabaki na rafu tupu. Bidhaa kutoka Kenya zikapita njia za panya za Tarakea na Holili, kwa jina la magendo. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha operesheni ya wahujumu uchumi, na mtu kukutwa na redio mpya isiyo na risiti ikawa kesi.

Sasa jiulize, spika ikiungua kipindi hicho unafanyaje? Hununui nyingine. Unaipeleka kwa fundi aisuke.

Kusuka spika ni kazi ya macho na subira. Katikati ya spika kuna koili, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye mrija wa karatasi, unaoelea ndani ya upenyo mwembamba wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inavutwa na kusukumwa, inaburuza kono ya karatasi, kono inasukuma hewa, wewe unasikia. Mfumo huo waliuandika Wamarekani wawili wa kampuni ya General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani zinafanya kazi vile vile.

Koili ikiungua, fundi anaitoa, anahesabu mizunguko ya waya uliokufa, anatafuta waya wa unene ule ule kwenye transfoma mbovu, anauzungusha upya kwa mkono. Akikosea unene kidogo, koili inasugua sumaku na spika inakwaruza. Kono ikitoboka anabandika karatasi ya kaki kwa gundi. Ukingo ukioza anaweka kitambaa.

Baada ya kuzisuka nyingi, fundi anaijua spika kama mpishi anavyojua mboga. Anajua sumaku nzito ina maana gani. Anajua kono nyepesi inapiga kelele nyingi kwa umeme kidogo. Na anajua kwamba spika peke yake, ikiwa mezani bila boksi, haina besi hata uifanye nini.

CHUNGU, NDOO NA SIRI YA HEWA

Kwa nini haina besi? Kono ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele, na papo hapo inavuta hewa ya nyuma. Kwa sauti nene, hewa ya mbele inazunguka haraka kwenda kujaza nyuma, zinafutana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya boksi ni kuifungia ile hewa ya nyuma isikutane na ya mbele.

Ndiyo maana sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu waliweka spika kwenye chungu. Inaonekana kama utani, lakini chungu ni kizito, ni cha mviringo, hakitetemeki ovyo na hakina pembe za kuvuja. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko ni binamu yake. Ubao bapa mwembamba ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu unageuka ngoma, unaimba wimbo wake wenyewe.

Huko Marekani, mwaka 1954 jamaa anaitwa Edgar Villchur alitoa spika iliyoshangaza watu. Kabla yake, ukitaka besi ya kweli unahitaji kabati kubwa. Yeye alifunga kiboksi kidogo kikawa hakipitishi hewa kabisa, akaiacha ile hewa ya ndani iwe springi ya kuirudisha kono. Besi ikatoka kwenye kitu cha kukaa kwenye rafu ya vitabu.

Baadaye Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, akaweka wazi kanuni ambayo wajenzi wa spika wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann. Ni hivi: unataka boksi dogo, unataka besi ya chini kabisa, na unataka sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili. Matatu yote hupati, hata uwe na hela kiasi gani.

Mwaka 1961 Mwaustralia Neville Thiele akaandika hesabu za kupanga boksi lenye tundu, kazi ambayo ilikaa bila kutazamwa sana mpaka ilipochapishwa tena mwaka 1971. Richard Small akaiendeleza miaka ya 1972 na 1973. Leo kila programu ya kupigia hesabu za boksi la spika inatumia namba zenye majina yao wawili.

Fundi wa Moshi hakuwa na jarida lile. Alikuwa na sikio na misumari. Anatengeneza boksi, anasikiliza, likigugumia anajaza pamba ya mto ndani, likiwa kavu analiongezea upana, anakata tundu, anachomeka kipande cha bomba, anakifupisha, anasikiliza tena. Alifika karibu na pale pale walipofika kina Thiele kwa hesabu. Tofauti ni kwamba wao waliandika.

KIFODI, KABINI NA CHUMBA KINACHOTEMBEA

Novemba 1983 mpaka ukafunguliwa. Mwaka huo huo serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, zikazaliwa daladala, jina lililotokana na nauli ya shilingi 5, maana sarafu ile watu waliiita dala. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Pikapu za mitumba zikaanza kupanda mlima, nyuma zimewekwa mabenchi mawili na turubai. Huku kaskazini watu wakaziita vifodi.

Kifodi kinachopanda Kibosho au Uru kimejaa kuku, ndizi na akina mama wa sokoni, hakina redio ya maana kutoka kiwandani. Lakini barabara moja inaweza kuwa na vifodi kumi, na abiria anapanda penye muziki. Kaseti, ambayo Philips waliileta duniani mwaka 1963, ilikuwa rahisi kurekodiwa na kurudufiwa. Kilichobaki ni kuifanya isikike juu ya injini.

Malori nako kuna hadithi yake. Kutoka Moshi mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500, na wengine wanaenda mbali zaidi, Rwanda au Zambia. Dereva na utingo wake wanaishi kwenye kabini. Pale ndipo chumba cha kulala, jikoni na sebuleni. Kwa mtu anayekaa wiki mbili ndani ya nafasi ya mita mbili, muziki sio starehe tu. Unamfanya asisinzie saa 9 usiku akiwa porini kati ya Mombo na Same.

Hapa fundi alipewa mtihani mgumu. Nafasi hakuna, labda chini ya kiti au juu ya kitanda. Barabara inatikisa, kila skrubu inalegea. Vumbi linaingia kila mahali. Na umeme ni wa betri tu.

Tuongelee huo umeme, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopigwa mpaka leo. Betri ya gari ni volti 12. Amplifaya ya kawaida ikitumia volti 12 na spika ya omu 4 inatoa kama wati 4 na nusu tu za kweli. Ukiunganisha amplifaya mbili zisukumane, kile mafundi wanaita briji, unafika kama wati 18. Ndiyo maana aisii ya LA4440 ya Sanyo ilipendwa sana na mafundi: kwenye briji inatoa karibu wati 19, ni rahisi kuifunga, na inavumilia. Kwa hiyo ukiona kiredio cha betri kimeandikwa wati 5,000 kwenye boksi, jua hiyo namba imetungwa ili ikupendeze.

Kwa umeme mdogo namna ile, fundi hakuwa na njia ila kuchagua spika inayotoa sauti nyingi kwa wati chache. Spika mbili zinaweza kufanana kwa macho, moja ina desibeli 85 kwa wati moja, nyingine 91. Hiyo tofauti ya 6 maana yake ile ya kwanza inahitaji umeme mara nne ili zilingane. Ndiyo sababu spika za zamani za kono ya karatasi, zilizotolewa kwenye redio kubwa zilizokufa, zilitafutwa kama dhahabu.

Kwenye malori makubwa kulikuwa na mtego mwingine. Yana betri mbili, jumla volti 24. Wengi walifunga redio kwenye betri moja ili wapate 12. Muziki unapiga, lakini betri ile inachoka kabla ya mwenzake na zote mbili zinaharibika. Fundi mzuri aliweka kifaa cha kushusha volti. Fundi mbaya alikuacha uchukue funzo Korogwe.

BESI YA BURE

Halafu kuna zawadi ambayo watu wa vyumba vidogo wanayo na hawaijui.

Sauti inasafiri mita kama 343 kwa sekunde. Besi ya Hz 40, ile inayogonga kifuani, ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Haliwezi kuenea kwenye geto la mita tatu kwa tatu. Basi badala ya kusafiri, linaanza kubana na kuachia hewa yote ya chumba kwa pamoja, kama pampu ya baiskeli. Kwenye chumba cha mita tatu jambo hili linaanza chini kidogo ya Hz 60. Kwenye kabini ya mita mbili linaanza karibu Hz 86. Kadiri chumba kinavyokuwa kidogo, ndivyo besi inavyoongezeka bila kuongeza umeme.

Ukiona mtu amefunga sabufa ya inchi 15 kwenye chumba kimoja, analipia kitu ambacho chumba kingempa bure. Boksi dogo lililofungwa vizuri linaanza kushuka besi mapema, lakini chumba kidogo kinaipandisha pale pale linaposhuka. Vinakutana. Ni kama vimeumbwa kuishi pamoja.

Masharti ni mawili. Mlango na madirisha yafungwe, maana hewa ikitoka na besi inatoka nayo. Kifodi cha turubai hakikuwahi kufaidi hii, ila Hiace iliyofungwa vioo ilifaidi. Pili, usiweke spika katikati ya chumba. Isogeze kwenye kona. Kuta zinaisaidia.

UNATAKA KUJENGA LEO? FANYA HIVI

Chagua spika ya inchi 6 au 6 na nusu, omu 4, yenye kono isiyo nzito. Kwenye vibanda vya spea za magari utazipata zilizotoka kwenye magari ya Japani. Ishike kwa vidole vyote kuzunguka kono, isukume taratibu. Ikikwaruza, iache. Ukingo ukiwa umepasuka, shusha bei au ondoka.

Boksi la lita kati ya 10 na 15 linatosha kwa spika nyingi za ukubwa huo. Ukikata boksi la sentimeta 30 kwa 30 kwa 25 kwa ubao wa milimita 18, ndani utapata karibu lita 15. Plaiwudi ndiyo nzuri. Chipubodi ni rahisi, ila mvua za masika za Moshi zinaijua: ikinyonya unyevu inavimba na skrubu hazishiki tena. Mbao ya mgrivea, ule mti unaopandwa kwenye mashamba ya kahawa kama kivuli, inapatikana kirahisi mlimani, lakini hakikisha imekauka kweli kweli, la sivyo itapinda na boksi litavuja.

Kuvuja ndiyo adui mkubwa. Changanya unga wa mbao na gundi ya mbao, pakaa kila kiungo kwa ndani. Jaza pamba ya mto, isibanwe sana. Inapunguza mwangwi na kulifanya boksi lijione kubwa kidogo kuliko lilivyo. Weka kipande cha ubao katikati kuunganisha ukuta mmoja na mwingine, boksi lisigeuke ngoma. Kisha bonyeza kono ndani taratibu: ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikirudi papo hapo kama vile hakuna kitu, tafuta tundu.

Kwa nini lililofungwa na sio lenye tundu? Lenye tundu linapiga zaidi, ni kweli. Lakini linataka hesabu sahihi na boksi kubwa zaidi, na likishuka chini ya sauti liliyopangiwa, kono inacheza ovyo bila springi ya kuishika. Kwenye chumba kidogo, umeme mdogo na kuhama kila mwaka, lililofungwa linakusamehe makosa.

Bajeti haipo? Ndoo ya rangi yenye mfuniko, ndogo ya lita 10 kwa inchi 6, kubwa ya lita 20 kwa inchi 8. Toboa mfuniko, funga spika kwa bolti na washa, ziba kwa silikoni, weka mchanga kidogo kwenye kifuko chini ndoo isitembee. Sauti yake itawafunga mdomo masela wanaokucheka.

Umeme ukikatika, betri ndogo ya volti 12 na Ah 7 ina kama Wh 84. Amplifaya inayokula wati 10 kwa wastani ingekaa saa 8 kwenye karatasi, lakini betri ya aina hiyo usiimalize kabisa. Hesabu saa 4, inatosha usiku mmoja.

Na masikio ni yako. Desibeli 85 kwa saa 8 ndio mpaka unaotajwa sana na wataalamu, na kila ukiongeza 3 muda salama unakatika nusu. Kwenye kabini au geto unafika huko bila kujua, kwa sababu ya ile besi ya bure.

MABOKSI YA KUNG'AA

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kurusha. Redio za FM zikaongezeka, Bongo Fleva ikapanda, ikafuata CD, ikafuata memori kadi, ikafuata simu. Ungetarajia mafundi wa spika wangetajirika. Ikawa kinyume.

Sabufa za kutoka nje zikashuka bei mpaka boksi jipya lenye taa za rangi likawa karibu sawa na gharama ya kusuka spika mbili. Ndani yake kuna ubao mwembamba na spika yenye sumaku ndogo, lakini lina rimoti, lina Bluetooth, linawaka kijani na bluu. Likifa halisukwi. Bodi yake moja imebeba kila kitu, kipuri hakuna, linaishia kuwekewa sufuria juu. Kibanda cha fundi kikageuka kuwa cha kuuza chaja na protekta.

Mwaka 2015 zikaja pia kanuni za mazingira za kudhibiti kelele na mitetemo, na baa, kumbi na magari ya matangazo wakaanza kuangaliwa. Ni haki. Nyumba ya wapangaji sita ina ukuta mmoja kati ya mtu na mtu, na besi haijui ukuta. Ila hata hapo fundi wa zamani alikuwa na jibu: boksi lililojengwa vizuri halihitaji kufunguliwa mpaka mwisho ili lisikike tamu. Anayefungulia mpaka mwisho ni yule ambaye boksi lake halina kitu.

Hiki ndicho kinachouma kwenye historia hii. Villchur, Hofmann, Thiele na Small wanajulikana kwa sababu kila mmoja aliacha karatasi. Bendi za dansi tunazijua kwa sababu RTD ilirekodi kanda zao. Lakini aliyemfanya dereva wa lori asikie lile gitaa la besi akiwa Same usiku hakuandika chochote, na hakuna aliyemwandikia. Vipimo vyake vilikuwa kichwani. Alimfundisha kijana mmoja au wawili kwa kuwapa kushika solda, na wale vijana leo wanaendesha bodaboda.

Akiondoka, hatuondokewi na mtu tu. Tunaondokewa na namba: lita ngapi kwa spika ipi, bomba la urefu gani kwa kifodi kipi, waya wa unene gani kwa koili ya inchi 8. Zile namba zililipiwa kwa miaka ya rafu tupu, wakati kijiji kizima kikitegemea mtu mmoja mwenye solda ya mkaa.

Kwa hiyo Desemba hii, ukipanda mlimani Krismasi na gari limejaa, na ukapita kile kibanda chenye spika zilizotobolewa zimetundikwa mlangoni, simama. Mpelekee hata kazi ndogo. Muulize kwa nini alikata hapo na sio pale, uandike. Na boksi lako likishaisha, kabla hujafunga skrubu ya mwisho, chukua kalamu uandike kwa ndani: lita, tarehe, na jina la fundi. Siku moja kuna mtu atalifungua.

Haya wadau, geto lako linapiga na nini? Boksi, ndoo au chungu? Na mtaani kwenu fundi wa spika bado yupo? Tiririka hapo chini.